Mgongo wa Mama Mkwe

Ukiniuliza leo sura ya mama mkwe wangu ilikuwaje mwaka ule aliokaa Mpanda, nitababaika. Mgongo wake ndio naujua. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia, kwa kuni na maji ya miaka mingi, na nyuma ya shingo alikuwa na alama ya moto ya utotoni. Alipokuwa anakula, masikio yake yalipanda na kushuka taratibu, bila haraka hata kidogo. Niliyaangalia masikio hayo masika nzima, katika hoteli moja baada ya nyingine, nikidhani yananiambia kila kitu.

Hoteli nasema kwa maana yetu ya wakati ule. Ilikuwa ni sehemu yoyote yenye benchi, sufuria na mtu wa kukuuliza utakula nini. Mpanda ya miaka ya tisini ilikuwa wilaya tu ndani ya Mkoa wa Rukwa. Neno Katavi ulilisikia kwa watu wanaozungumzia viboko wa mbugani. Mimi nilikuwa fundi redio, mwenye kibanda cha mbao ubavuni mwa soko. Kazi ilikuwepo, maana watu wa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, walikuja na redio zao zimefungwa nyuma ya baiskeli, wakitaka zipone siku hiyohiyo ili wasikie habari za kwao Burundi. Pesa ya fundi ni ya leo kwa leo, na yangu nyingi iliishia tumboni. Nilikuwa mlaji, sioni sababu ya kuficha.

Nimezaliwa Ikola, ziwani, ambako sinia likishawekwa chini anayekuwepo anakula: baba, mgeni, mchuuzi wa dagaa aliyepita njia, wote mikono ndani. Mke wangu alitoka Inyonga, kwenye misitu ya asali, Mkonongo wa damu. Kabla sijamwoa alinikalisha akanieleza mambo ya kwao, na kubwa lilikuwa hili: mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja. Hawatazamani usoni, hasa wakati wa kula, hawagusi chombo kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha majanini. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka apatikane mtoto, mtoto aliye hai, ndipo mambo hulegea. Nikacheka, nikamwambia basi hayo ni ya mwaka mmoja tu.

Hayakuwa ya mwaka mmoja. Mimba ya kwanza ilitoka, na ya pili ikatoka. Ya tatu ilipovuka miezi ambayo zile nyingine hazikuifikia, damu ikaanza kuonekana, na daktari akaamuru mke wangu alale wodini mpaka siku ya kujifungua. Nikatuma neno Inyonga kwa dereva wa lori. Mama mkwe akaja na kirago, dumu dogo la asali na vitenge viwili, akatandika kirago chini ya kitanda cha mwanawe.

Tatizo likaanzia hapo. Chakula cha mgonjwa kilikuwa ni juu ya ndugu zake, na banda la kupikia lililokuwa nyuma ya wodi lilikuwa limeezuliwa na upepo mwanzoni mwa mvua. Kuni zote mbichi. Nikasema hakuna shida, nitanunua. Nikawa napeleka hotipoti imejaa. Lakini mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa kugawa. Wodi ile ilikuwa na wanawake wa vijijini wasio na mtu mjini, naye hakuweza kumeza tonge huku mtu wa kitanda cha pili anatazama. Hotipoti ilizunguka mpaka ikaisha, yeye akabaki kulamba asali. Mke wangu alipoona mama yake anapungua, naye akaacha kula. Kila kijiko nilichompelekea mdomoni alikisukuma pembeni. Muuguzi akanivuta nje, akaniambia damu ya mgonjwa imeshuka, na asipokula nisitegemee mtoto. Nilirudi ndani nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ziwani.

"Mtoe mama nje akale," mke wangu akaniambia. "Humu ndani hatakula. Nikijua ameshiba, na mimi nitakula."

Nikamuuliza anapenda nini.

"Mpe maharage," akasema.

Nilikubali kwa kichwa, moyoni nikakataa. Mkwe anakuja mjini kwa mara ya kwanza, mimi nina mikono miwili na kibanda changu, halafu nimlishe maharage? Watu wa Ikola wangesikia wangenicheka mpaka ng'ambo ya ziwa. Nilidhani mke wangu anahurumia mfuko wangu. Nikaamua mama huyu atakula nyama mpaka Inyonga waambiane.

Siku ya kwanza nilimpeleka hoteli ya stendi, ambayo ndiyo ilikuwa ya heshima, yenye meza za kitambaa cha plastiki na chai ya kwenye glasi. Mwenyewe alikuwa mzee wa Ujiji mwenye kofia safi. Nilitangulia, mama akafuata kwa mbali, mtu angedhani hatujuani. Nikaagiza supu, minofu mitupu, na chapati. Kisha, kwa mazoea ya ziwani, nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikaanza kunawa. Sikukumbuka kitu. Mama aliinuka polepole, akatoka nje, akasimama kwenye manyunyu amejifunika kitenge kichwani. Walaji wote wakageuka kunitazama. Yule mzee wa Ujiji ndiye aliyekuja akaniinamia sikioni. "Fundi, huyo ni mkweo," akasema. "Hamia kule." Nikabeba bakuli langu mpaka meza ya mwisho. Mama akarudi, akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta, akaanza kula. Ndipo nilipoanza kuujifunza mgongo wake.

Jioni mke wangu aliniuliza, "Mama amekula?"

Nikajibu amekula, bakuli limerudi tupu. Alifumba macho kidogo. Kisha akaniomba nimsogeze, akaegemea mto, na hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba anataka kuishi. Tangu siku hiyo kila jioni aliniuliza swali hilohilo kabla hata ya kuitikia salamu, na kila jioni nikajibu hivyohivyo. Nililichukulia jibu lile kama dawa ninayomletea. Na kweli lilikuwa dawa, ila sikujua inavyofanya kazi.

Hoteli ya stendi ilikuwa ghali kwa kila siku, hivyo tukahamia kwa mama ntilie nyuma ya soko. Huyu alipika wali wa mchele wa Mwamkulu, ule ambao harufu yake ilikuita tangu kwenye duka la vitenge, ukavuka matope yote ukaufuata. Shida ni kwamba alikuwa na benchi moja refu na meza moja. Hapakuwa na ukuta wa kugeukia. Tulichofanya ni kukaa benchi lilelile, mimi nikitazama meza na mama akitazama barabara, sahani yake magotini, migongo yetu ikikaribia kugusana. Mama ntilie yule alikuwa na mdomo. Alituambia hajawahi kuona watu waliogombana vibaya hivyo na bado wanakuja pamoja kila mchana. Nilimwagizia mama paja la kuku wa kienyeji, kubwa, lenye ngozi. Sahani ilirudi imebaki mfupa mmoja mweupe. Nikaagiza tena kesho yake.

Siku ambazo redio nyingi zilipona, nilimpeleka kwenye nyama choma. Ilikuwa baa ya bati na ua wa matete, ambapo redio kaseti ilipiga rumba kwa sauti ya kutosha mji mzima. Redio ile niliitengeneza mimi, na mwenye baa aliiharibu tena kila wiki kwa kuipandisha sauti, kwa hiyo pale nilikuwa mtu wa maana. Mbuzi aliletwa juu ya ubao, amekatwakatwa, na chumvi, pilipili na ndimu pembeni. Mama alitazama matete. Masikio yalipanda, yakashuka, yakapanda. Ubao wake ulirudi umekwisha kabisa, hata mafuta yamepanguswa. Nikamwambia mchomaji kwa majivuno kwamba bibi yule ana meno, vijana wa siku hizi hawamfikii. Mchomaji akasema watu wa asali ndivyo walivyo.

Stesheni ilikuwa ya siku za treni tu. Treni ya kutoka Tabora ilipotarajiwa, wanawake walipanga majiko yao pembeni mwa reli, na siku hizo ndizo nilizozipenda, kwa sababu kulikuwa na migebuka, samaki wa kwetu ziwani, imekaushwa kwa moshi kisha ikaungwa kwa nyanya. Treni ilichelewa kama kawaida yake, hivyo palikuwa na muda. Tulikaa juu ya magunia, mimi nikitazama upande wa mji, yeye upande wa pori. Nadhani ni kwa sababu hatukuonana ndiyo maana tulizungumza. Nilimweleza jinsi karabai zinavyopangwa juu ya maji usiku wa dagaa. Naye alinieleza jinsi mume wake marehemu alivyokuwa akipanda mtini kufuata mzinga huku yeye chini akipuliza moshi, wakigombana njia nzima. Alicheka kidogo. Nilitamani kugeuka niuone mdomo unaocheka hivyo, lakini sikugeuka.

Kisha akasema, sauti imebadilika, "Mkwe, huyu mwanangu alikuwa mtoto wa kulia sana. Mkimwona analia, nyie msiogope. Akinyamaza ndiyo muogope."

Nikamjibu kwamba siku hizi halii wala hanyamazi, anauliza tu kama mama amekula. Niliusikia mkono wake ukikunjua na kukunja kitenge, nikadhani anafuta machozi, nikaheshimu.

Tulifika kwa mwanamke mmoja wa Mishamo kwa sababu ya mvua. Kijibanda chake kilikuwa karibu na geti la hospitali, maturubai mawili na jiko la mkaa. Alipika ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, basi, hakuwa na kingine. Nisingempeleka mkwe wangu pale kwa hiari yangu. Lakini mvua ilitukuta njiani, tukaingia wote wawili tumelowa, na banda lilikuwa dogo kiasi kwamba hata migongo haikuwa na pa kukaa. Yule mwanamke alitutazama mara moja tu. Hakuuliza. Alivua kitenge cha pili alichojifunga kiunoni, akakitundika kwenye kamba kati ya benchi na benchi, akaniambia kwamba hata kwao zamani mkwe hatazamwi akila.

Tangu hapo mama hakutaka kwenda kwingine. Nilipotaja stendi, alisema miguu inamuuma. Nilipotaja mbuzi, alisema moshi. Nikashindwa, lakini sikushindwa kabisa: niliagiza nyama kwenye baa ikaletwa kwa sahani, ikapitishwa chini ya kitenge, na mimi nikala maharage ya yule mwanamke upande wangu kwa sababu pesa haikutosha watu wawili kula nyama. Sasa hata mgongo sikuuona tena. Niliona miguu tu, na malapa yake yaliyolika kisigino. Nyuma ya kitenge wanawake wale wawili walinong'ona na kucheka, mmoja kwa Kiswahili cha Kirundi na mwingine kwa Kiswahili cha Kikonongo, na nilipouliza kuna nini walinyamaza. Nilifurahi kwamba mama amepata mtu wa kuongea naye.

Wodini mambo yalienda vizuri. Muuguzi alivuta kope la mke wangu akaangalia, akasema damu inapanda, tuendelee hivyohivyo. Mashavu yalianza kurudi. Niliwaambia watu sokoni kwamba ni hotipoti zangu. Niliipenda sana ile hotipoti, ilikuwa nyekundu yenye maua, na baadaye niligundua kwamba sehemu kubwa ya chakula chake iliendelea kuzunguka vitanda vya watu kama mwanzo.

Mtoto alizaliwa mvua zikikatika. Msichana. Alilia kabla hata hajatoka vizuri, na mama mkwe, walivyonieleza, aliposikia kilio kile alikaa chini sakafuni akasema huyu ni wetu. Mimi nilikuwa nje kwenye ukuta. Nililia pia, mbele ya watu wa Mishamo waliokuwa wanasubiri redio zao, nao wakanipa mkono mmoja mmoja.

Mke wangu akarudi nyumbani, moto ukawashwa jikoni kwetu, na habari ya kula hotelini ikaisha. Mama alilala kwa jirani, mchana alikula jikoni na mwanawe, mimi nikila sebuleni peke yangu. Mtoto alipokaza shingo, mama akasema mizinga ya Inyonga haiwezi kumsubiri zaidi. Lori likapatikana. Mke wangu aliagana naye mlangoni, wakalia, na mama akaomba ambebe mjukuu mpaka kwenye lori. Mimi niende nao, nije nimrudishe mtoto.

Nilitangulia kwa mazoea. Nilipogeuka nikamwona yuko karibu nami, karibu kabisa, mtoto mgongoni. Tulipofika geti la hospitali akakata kona akaingia kwa mwanamke wa Mishamo. Nami nilikuwa nimeshaagiza mbuzi wa kuagana, aje pale pale, ubao mzima. Nikaenda kukaa upande wangu wa kitenge. Nikamsikia mama akisema neno, na yule mwanamke akanyoosha mkono akakitungua.

Mama alikaa mbele yangu. Alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza mezani juu ya kitenge kilichokunjwa, kichwa upande wangu na miguu upande wake.

"Sasa kati yetu kuna mtu," akasema. "Nawa tule."

Ubao ukaja. Mama akachukua pande moja la nyama, akalishika, akanitazama usoni, akatabasamu. Ndipo nilipoona. Juu hakuwa na jino hata moja. Chini yalibaki machache ya mbele, yamelegea. Nilikuwa nimemlisha mwanamke yule mbuzi choma masika nzima.

Alinieleza bila haraka, kama alivyokula. Meno yalimtoka miaka iliyopita. Nyama, kuanzia minofu ya supu ya siku ya kwanza, yote aliitia kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitenge, akaipeleka wodini. Jioni nilipoondoka aliichambua nyuzi nyuzi na kumlisha mwanawe kwa mkono, kwa sababu kwa kijiko changu alikataa na kwa mkono wa mama hakuweza kukataa. Yeye mwenyewe alikunywa mchuzi, akalowanisha chapati, akala wali, na kwenye mbuzi akamung'unya mafuta tu. Mwanamke wa Mishamo aliligundua hilo papo hapo, siku ile ya mvua, na tangu hapo akawa anampitishia bakuli la maharage kila mchana, bila kuniambia.

"Maharage yangu hayo, fundi," yule mwanamke akasema, akipepea mkaa, hakugeuka.

Nilimuuliza mama kwa nini mke wangu hakunieleza. Akasema mtoto wa kike hawezi kuutaja mdomo wa mama yake kwa mumewe, hata mimi nifikirie. Alichoweza kusema alikisema.

"Lakini naye nilimdanganya," akaendelea. "Nilimwambia unaniagizia maharage kila siku tangu mwanzo, nyama ni nyongeza tu, nimwachie nani kama si yeye. Akaniamini, kwa sababu jioni na wewe ulimwambia nimekula. Asingeamini, asingekula. Usije ukanifichua kwake."

Niliona aibu. Halafu nikaona furaha. Nilikumbuka muuguzi akivuta lile kope. Nikaifunga nyama yote kwenye karatasi, nikamwomba yule mwanamke maharage, bakuli moja. Tulikula humohumo, mimi na mama mkwe wangu, mtoto akirusha miguu katikati. Masikio yake yalipanda na kushuka, na sasa niliona na ufizi ukifanya kazi yake. Mimi ni mtu wa kula haraka, lakini siku ile nilisubiri kila tonge lake lipite ndipo nikachovya langu.

Dereva alimpa nafasi ya mbele. Lori lilipoondoka nilimbeba mtoto katikati ya soko, nimemfunga kifuani vibaya, na mama ntilie mwenye mdomo akaniuliza kama huyu ndiye aliyetupatanisha. Nikamwambia ndiye.

Mke wangu alikuwa mlangoni, macho mekundu. Akampokea mtoto, akamnusa kichwani.

"Mama amekula?"

"Amekula."

"Amekula nini?"

"Maharage."

"Kama siku zote," akasema, akakaa chini kumnyonyesha mtoto.

Nikaiweka ile nyama mezani, nikanyamaza.